Mkataba wa Athari na Manufaa ni nini? Wainuit, migodi na kisa cha Mary River

Ukifuatilia habari za migodi kaskazini kabisa mwa Kanada lazima utakutana na kitu kinaitwa Mkataba wa Athari na Manufaa, kule wanauita kwa kifupi IIBA. Watu wengi wakisikia Wainuit, wenyeji wa asili wa kule kwenye barafu, wamesaini mkataba na kampuni wanajua basi, wenyeji wameridhia, yameisha. Sio hivyo kabisa na hili kosa lina madhara makubwa, ngoja nieleze.

IIBA ni makubaliano ya kisheria kati ya kampuni inayotaka kuchimba na shirika linalowakilisha Wainuit wa eneo lile. Upande wa athari unasema mradi utabadilisha nini na kampuni itafanya nini kupunguza madhara. Upande wa manufaa ndio wa ajira, mafunzo, tenda kwa biashara za wenyeji na hela. Moja ya mikataba ya mwanzo ya namna hii ni ule wa mgodi wa nikeli wa Raglan kule Nunavik, Quebec ya kaskazini, mwaka 1995, vijiji vya Salluit na Kangiqsujuaq vikapata sehemu ya faida. Nunavut, eneo kubwa la Wainuit kaskazini mwa Kanada, wao walienda mbali zaidi, wakaiweka kwenye Mkataba wa Nunavut wa 1993, kifungu cha 26, mkataba ule ule uliosababisha Nunavut iwe eneo lenye serikali yake ndani ya Kanada tarehe 1 Aprili 1999. Kwaiyo pale sio hisani ya kampuni, mradi mkubwa hauanzi bila IIBA. Hata hifadhi za taifa zinahitaji mkataba wake.

Na walikuwa na sababu ya kudai hivyo. Kule Rankin Inlet, kwenye Nunavut ya leo, ulifunguliwa mgodi wa nikeli 1957, familia za Wainuit zikahamia pale kutoka sehemu za uwindaji, wanaume wakaingia chini ya ardhi kufanya kazi, alafu 1962 mgodi ukafungwa na watu wakabaki pale pale bila kazi na bila yale maisha waliyoyaacha. Nanisivik, karibu na kijiji cha Arctic Bay, mgodi wa zinki na risasi ulianza 1976 kwa ahadi kwamba Wainuit watafika asilimia 60 ya wafanyakazi, haikufikiwa kamwe, 2002 ukafungwa na mji mzima ukabomolewa. Nyumba zile ambazo watu wa Arctic Bay wangezihitaji mno zikapotea. Mtu aliyeona hayo akikaa mezani na kampuni nyingine anataka karatasi yenye nguvu ya sheria, na ana haki.

Sasa tuje kwenye kile ambacho karatasi inashindwa.

Mary River ni mgodi wa chuma kaskazini mwa kisiwa cha Baffin, unaendeshwa na kampuni ya Baffinland. IIBA yake ilisainiwa 2013 na shirika la Wainuit la mkoa, Qikiqtani Inuit Association. Mradi ulioidhinishwa 2012 ulikuwa wa reli kwenda kusini, bandari ya Steensby. Baadaye kampuni ikabadilisha, ikasema tuanze kidogo kwanza kwa kupitisha mzigo kaskazini, malori yabebe mawe ya chuma kama kilomita 100 kwenye barabara ya vumbi hadi Milne Inlet, meli zichukue. Meli zikaanza 2015. Ikaruhusiwa tani milioni 4.2 kwa mwaka, 2018 ikapanda hadi milioni 6, kisha ikaombwa milioni 12 na reli ya kwenda huko huko kaskazini. Unaona jinsi inavyokwenda? Watu walikubaliana kuhusu kitu kimoja, wakajikuta wanaishi na kingine.

Na Milne Inlet sio maji matupu. Ndipo narwali, yule nyangumi mdogo mwenye jino refu lililochomoza mbele kama mkuki, wanakuja kila kiangazi kuzaa na kulea. Narwali anaishi kwa kusikia, anatafuta njia na chakula kwa sauti, sasa meli kubwa za mzigo zikipita huko na kelele zake wawindaji wa Pond Inlet, kijiji cha jirani, wakaanza kusema wanyama hawatulii tena, wanakimbilia kwingine, na hesabu zilizofanywa kwa ndege nazo zikaonyesha idadi imeshuka sana hasa 2020 na 2021. Kampuni ikasema zipo sababu nyingine kama mabadiliko ya barafu. Mimi naona mzee aliyekaa ufukweni ule maisha yake yote akisema kitu kimebadilika huo ni ushahidi, na Wainuit wenyewe wana jina la elimu hiyo, Inuit Qaujimajatuqangit, ambayo kisheria inatakiwa izingatiwe.

Maana narwali sio nyama tu. Mtu akipata mmoja ngozi pamoja na mafuta yake, maktaaq, inakatwa vipande vidogo kwa kisu cha ulu na inaliwa mbichi, ina vitamini C ambayo kwenye nchi isiyoota mboga ilikuwa ndio kinga ya watu. Kisha inagawanywa, kwa wazazi, kwa wajane, kwa mzee asiyeweza kutoka tena, hadi ndugu wa kijiji kingine wanatumiwa kwa ndege. Kijana anajifunza barafu, upepo, majina ya mahali na lugha yake akiwa kwenye safari ile. Sasa andika hayo kwenye jedwali la fidia uone. Unaweza kulipa bei ya petroli anayotumia mwindaji kwenda mbali zaidi, na kweli kuna mifuko ya namna hiyo, lakini ile safari ya mtoto na babu yake haina bei.

Alafu kuna vumbi jekundu. Linaruka toka kwenye madini linatua juu ya theluji, na watu wa kule wakiwa porini wanayeyusha theluji hiyo hiyo kupata maji ya chai.

Nyumbani nako kuna athari ambazo mara nyingi hazisemwi. Kijiji cha Baker Lake, karibu na mgodi wa dhahabu wa Meadowbank ulioanza 2010, shirika la wanawake wa Kiinuit la Pauktuutit lilishiriki utafiti na wanawake wakaeleza maisha ya shifti za wiki mbili kazini wiki mbili nyumbani: hela inaingia na inasaidia kweli, ila pombe inaongezeka, ugomvi ndani ya nyumba, watoto hawana wa kuwaangalia, na wanawake wanaofanya kazi mgodini wanasumbuliwa kingono.

Februari 2021 wawindaji wa Pond Inlet na Arctic Bay walipanda pikipiki za theluji kwenye baridi kali wakaenda kufunga barabara na kiwanja cha ndege cha Mary River, kama wiki moja, hadi mahakama ikatoa zuio. Wakati huo IIBA ipo, imesainiwa, inafanya kazi. Shirika lililosaini lina ofisi Iqaluit, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Pond Inlet, na ndilo linalopokea mrabaha wa chuma na kupangisha ardhi ya Wainuit kwa mgodi, kwaiyo ni mlinzi na mpangishaji kwa wakati mmoja. Mwezi uliofuata shirika hilo likatangaza haliungi mkono upanuzi ule wa tani milioni 12.

Kibali cha mradi hakitoki kwenye IIBA, kina njia nyingine kabisa: bodi ya tathmini ya Nunavut inasikiliza vijiji kisha waziri wa serikali kuu anaamua. Mei 2022 bodi ikashauri upanuzi ukataliwe, Novemba waziri Dan Vandal akakataa. Tani milioni 6 zikaendelea. Kampuni sasa imerudi kwenye reli ya Steensby, ambayo meli zake zitapita Foxe Basin mwaka mzima, kwenye maji wanayowinda walrasi, mnyama mkubwa wa bahari mwenye meno marefu, watu wa vijiji vya Igloolik na Sanirajak.