Niasini si "vitamini ya moyo"

Juma lililopita, hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, papa mmoja jirani yangu alinionyesha mfuko wa farmasi wenye visanduku viwili: kimoja cha statini, dawa ya kushusha kolesteroli (aina ya mafuta ya damu), aliyoandikiwa na daktari, kingine cha kompleksi B, vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B, alichoongezewa na muuzaji, kwa maelezo kwamba vitamini B inasaidia dawa "kusafisha mafuta ya damu". Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wenye nia njema.

Niasini ni vitamini B3, mojawapo ya zile zilizomo katika kompleksi B, nayo ndiyo chanzo cha maneno hayo. Mwili huitumia kupata nguvu kutoka kwenye chakula, na mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 kwa siku.

Vurugu inaanzia kwenye jina. Katika karne ya 19 wanakemia waliipata niasini kutokana na nikotini ya tumbaku, wakaiita asidi ya nikotini, nayo nikotini iliitwa hivyo kwa ajili ya Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyepeleka tumbaku Paris karibu mwaka 1560. Asidi ikabaki na jina la tumbaku ingawa haina kazi ya tumbaku. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba inaponya ugonjwa wa ulimi mweusi wa mbwa, ndugu wa pelagra ya binadamu, ugonjwa wa upungufu wa niasini unaowapata hasa wale wanaoishi kwa mahindi karibu peke yake, kwa kuwa niasini ya mahindi imefungwa na tumbo haliipati kwa urahisi. (Bukari yetu haituletei balaa hilo maadamu pembeni yake kuna samaki, nyama au karanga.) Ndiyo maana Wafaransa waliiita vitamini PP, yaani yenye kuzuia pelagra. Wamarekani, walipoanza kuitia katika unga wa mkate, waliogopa watu wasije wakadhani wanalishwa tumbaku, wakaunganisha vipande vya maneno "asidi ya nikotini" na "vitamini" katika lugha yao, wakapata niasini.

Jina hilo jipya lilifunika vitu viwili, na hapo ndipo ninapoumia. Kuna asidi ya nikotini na kuna nikotinamidi. Zote mbili huponya pelagra, lakini ni asidi peke yake inayoshusha kolesteroli, jambo lililoonekana Kanada mwaka 1955, nayo huishusha kwa miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, kama mara mia ya mahitaji ya mwili. Kwa kipimo hicho si vitamini tena, ni dawa: uso huwaka moto na kuwasha, sukari ya damu hupanda, ini linaweza kudhurika. Kompleksi B ya kawaida hubeba makumi machache tu ya miligramu, mara nyingi za nikotinamidi. Haigusi kolesteroli.

Na hata hiyo asidi yenyewe, ikiongezwa juu ya statini kwa kipimo kikubwa? Ilijaribiwa. Matokeo ya mwaka 2011 kwa wagonjwa 3,414, kisha ya mwaka 2014 kwa wagonjwa 25,673, yalionyesha kwamba vipimo vya damu vilipendeza zaidi lakini mishtuko ya moyo haikupungua, na katika jaribio lile kubwa madhara makali, kisukari kikiwemo, yaliongezeka. Asidi ya foliki pamoja na B6 na B12 nazo zilishusha homosisteini, kitu cha damuni kinachohusishwa na magonjwa ya moyo, bila kuukinga moyo na mishtuko hiyo.

Kwa hiyo nilimwomba papa aendelee na statini yake kama alivyoandikiwa, na kile kisanduku cha pili akionyeshe kwa daktari siku ya kurudi. Huenda akawa na haja nayo kwa sababu nyingine, kwani upungufu wa vitamini B ni ugonjwa wa kweli. Muuzaji naye hakukosea kuiita vitamini. Alichopaswa kuongeza ni kwamba mafuta ya damu si kazi yake.