Pimachiowin Aki ni Msitu Wenye Wenyewe

Majira ya joto yanapokaribia, wazungumzaji wa Kiswahili waishio Winnipeg hutuuliza namna ya kuutembelea msitu wa Pimachiowin Aki, ulio mashariki mwa Ziwa Winnipeg, katika majimbo ya Manitoba na Ontario nchini Kanada. Nia ni njema. Hata hivyo, wengi hudhani kwamba pori lisilo na shamba wala ua halina mwenyewe, na dhana hiyo tumeisahihisha mara nyingi mno.

Msitu huo wenye kilomita za mraba 29,040 ni ardhi ya Waanishinaabe, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Kanada, ambao kwa lugha yao huuita ardhi itoayo uhai. Jumuiya za Bloodvein River, Little Grand Rapids, Pauingassi na Poplar River ziliupigania, zikishirikiana na serikali za majimbo, hadi ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, kwa maumbile na kwa utamaduni. Ombi lao liliahirishwa mwaka 2013, kwa kuwa utaratibu wa wakati huo ulipima maumbile peke yake na utamaduni peke yake, ilhali kwao ni kitu kimoja. Hakuna aliyehamishwa. Wenyeji wangali wakiwinda, wakivua na kutega, kwa haki zinazotambuliwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Katiba ya mwaka 1982. Ukikuta mtego, usiuguse, wala usituletee malalamiko kwamba hifadhi inaharibiwa.

Kuhusu moto, Manitoba hukataza moto wa wazi kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Novemba, isipokuwa kwa kibali au ndani ya jiko lililozibwa ipasavyo. Ukame ukizidi, hata ruhusa hizo huweza kusitishwa. Kwa hiyo kagua vizuizi siku ya safari yenyewe. Ni kweli kwamba koni za baadhi ya misonobari ya huko hufunguka kwa joto la moto, lakini miti hiyo haikuomba msaada wa mgeni.

Caribou wa misituni, jamii ya kulungu, ameorodheshwa kuwa hatarini. Katika ardhi ya serikali kuu ya shirikisho, anayemuua pasipo idhini ya kisheria huweza kutozwa faini isiyozidi dola 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili; shtaka likiwa zito, viwango hupanda hadi dola 250,000 na miaka 5.

Hifadhi ya Atikaki, iliyo ndani ya eneo hilo, hufikiwa kwa mtumbwi au ndege ndogo. Tunashauri kuwasiliana na jumuiya husika kabla ya kukodi chochote. Michoro ya kale kwenye majabali ya Mto Bloodvein hutazamwa bila kushikwa, na tumbaku iliyowekwa chini yake ni sadaka, iacheni hapo.