Vito vya fedha vilivyotumika: chunguza kito kabla hujatoa pesa

Anayetuletea kito cha fedha alichonunua kwa mtu huuliza karibu kila mara swali lile lile: "Hii ni fedha kweli?" Wakati huo pesa imeshatoka, muuzaji hapatikani tena kwa simu, na jibu letu, liwe zuri au baya, halibadilishi kitu. Makala haya yameandikwa ili swali hilo liulizwe mapema, kito kikiwa bado mkononi mwa muuzaji na pesa ikiwa bado mfukoni mwako.

Nianze na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii. Kito kilichotumika ni rahisi kukichunguza kuliko kipya. Kipya kinang'aa pande zote, na fedha iliyochovywa juu ya shaba ni fedha halisi kwa macho, kwa hiyo hakuna jicho litakaloitofautisha. Kilichovaliwa miaka mingi kimesuguliwa na ngozi, nguo, sabuni na vito vingine. Utando wa fedha uliochovywa kwa umeme huwa mwembamba, aghalabu mikroni chache tu, na unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuupita mara nyingi. Utando huo hauvumilii msuguano wa miaka. Unapokwisha, metali iliyokuwa imefichwa chini hujitokeza yenyewe, bila mashine wala dawa.

Kwa sababu hiyo, usishughulike sana na uso wa mbele ambao muuzaji anakuonyesha. Kigeuze. Kwenye pete, angalia upande wa kiganjani, unaokamata vyuma vya milango na mipini ya mifuko kila siku. Kwenye mkufu, kunja mnyororo uone ndani ya vipete vyake, pale kimoja kinapolalia kingine. Kwenye kidani, tazama kitanzi kinachopita mkufu. Kwenye bangili, kingo. Kwenye hereni, shina linaloingia sikioni. Fedha iliyo fedha hadi ndani huwa na rangi moja pote: mikwaruzo yake, mabonde yake na sehemu zilizolika zote ni nyeupe ile ile. Ukiona njano imechungulia ukingoni, chini kuna shaba ya njano. Ukiona wekundu, ni shaba nyekundu. Weupe uliofifia na kuelekea kijivu cha manjano mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Lenzi ndogo ya sonara inayokuza mara kumi inatosha kwa kazi hii yote. Ukikosa, kamera ya simu ikisogezwa karibu penye mwanga wa mchana inasaidia sana.

Weusi usikutishe. Fedha hushika weusi inapokutana na salfa iliyomo hewani, kwenye jasho na hata kwenye vyakula kama mayai, na weusi huo hukaa zaidi kwenye mitaro ya nakshi huku sehemu zilizoinuka zikibaki nyeupe kwa kuguswaguswa. Mpangilio huo ni wa kawaida kabisa kwa kito cha zamani. Kinachotakiwa kukushtua ni ukoko wa kijani, ambao ni wa shaba, hasa ukiwa umeenea. (Kijani kidogo kwenye kiungo cha lehemu si kosa, kwa kuwa fedha ya vito yenyewe huchanganywa na shaba kiasi.) Wala kukosa weusi si uthibitisho wa chochote, maana vito vingi vya fedha vya siku hizi hupakwa rodiamu, metali nyeupe isiyoshika weusi.

Kuna hali moja ambayo mimi huiogopa kuliko zote: kito kinachosemwa ni cha miaka thelathini, nacho kinang'aa kama kilichotoka kiwandani asubuhi hiyo. Huenda kimesafishwa tu. Lakini huenda kimechovywa upya, na kuchovya upya hufuta ushahidi wote niliokwisha kuutaja. Kuchovya si hatia, mradi mnunuzi aambiwe. Muulize muuzaji moja kwa moja: kimechovywa lini, na chini kuna nini?

Kusoma mhuri

Mhuri, yaani alama ndogo iliyogongwa kwenye kito, ni dai la aliyeupiga. Ukiwa umepigwa na ofisi ya serikali au chombo huru cha upimaji, dai hilo lina uzito mkubwa. Ukiwa umepigwa na mtengenezaji peke yake, uzito wake ni uaminifu wa mtengenezaji huyo, na nyundo pamoja na kigongeo chenye tarakimu 925 ni vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kununua.

Tarakimu zinazoonekana kwenye vito huhesabu sehemu za fedha katika kila sehemu elfu moja. 925, au neno STERLING, ni asilimia 92.5 ya fedha. Kilichobaki kwa kawaida ni shaba, inayoongezwa kwa sababu fedha tupu ni laini na pete yake ingepinda vidoleni. 999 ni fedha tupu. 958 na 950 ni viwango vya juu kuliko 925. 800, 830, 835 na 900 ni vya chini yake, lakini ni fedha halali, na utavikuta sana kwenye vito vya zamani vya bara la Ulaya. Mtu asikudanganye kwamba kisichokuwa 925 ni bandia.

Uingereza ina utaratibu wa zamani sana. Sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1300 ilitaka fedha ipigwe alama ya kichwa cha chui, na tangu 1544 simba anayetembea amekuwa alama ya kiwango cha 925. Leo kichwa cha chui kinamaanisha kito kilipimwa London, nanga ni Birmingham, waridi ni Sheffield na ngome ni Edinburgh. Huko, kito cha fedha kisichofika gramu 7.78 hakilazimiki kupigwa mhuri, kwa hiyo pete nyembamba isiyo na alama isikataliwe kwa sababu hiyo tu. Ufaransa hutumia kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, tangu 1838. Nchi zilizojiunga na mkataba wa Vienna wa 1972 kuhusu upimaji na alama za metali za thamani zina alama ya pamoja yenye picha ya mizani na tarakimu ya kiwango ndani yake.

Sasa alama zinazopoteza watu. Herufi EPNS zinamaanisha fedha iliyochovywa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Ufundi huo ulienea baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza yake mwaka 1840, na viwanda vingi vilipiga kila herufi ndani ya ngao yake ndogo, E kivyake, P kivyake, hata kwa mbali zikafanana na safu ya mihuri ya fedha halisi. Soma herufi moja moja. Majina "German silver", "nickel silver" na "alpaca" yote ni ya mchanganyiko huo huo, na ndani yake hamna fedha hata chembe. "Tibetan silver" nalo ni jina la biashara tu: vito vingi vinavyouzwa kwa jina hilo havina fedha, na vingine vimekutwa na nikeli au risasi.

Lugha yetu pia inaongeza utata. Fedha ni metali na fedha ni pesa, na sokoni "silva" ni metali kwa mmoja na rangi kwa mwingine. Muuzaji aliyesema "mkufu wa silva" anaweza kuapa kesho kwamba alimaanisha rangi, na asiwe amesema uongo. Muulize hivi: "Ni fedha yenyewe hadi ndani, ya kiwango gani?" Kisha mwombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Mhuri ukiupata, tazama umekaa wapi. Kwenye mikufu, mara nyingi mhuri uko kwenye kifungio peke yake, na kifungio ni kitu kinachobadilishwa. Tumepima mikufu yenye kifungio cha 925 safi na mnyororo wa shaba iliyochovywa. Linganisha rangi na uchakavu wa sehemu hizo mbili; haiwezekani mnyororo uwe umechakaa na kifungio kiwe kipya bila kuwepo maelezo. Vito vizito vya kale vina hila nyingine: mhuri wa kweli hukatwa kutoka kito kidogo kilichovunjika na kulehemiwa kwenye kitu kikubwa kisicho na kiwango. Wafanyabiashara wa vitu vya kale hupuliza pumzi juu ya mhuri kama mtu anayesafisha miwani. Mvuke ukitanda, mstari wa lehemu kuuzunguka mhuri hujichora, kisha hupotea.

Uzito ndani ya maji

Ikiwa kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, ni hili. Halikwaruzi kito wala halitumii dawa. Fedha tupu ina gramu 10.49 katika kila sentimita moja ya ujazo. Fedha ya vito, kuanzia 800 hadi 925, huwa kati ya 10.1 na 10.4. Ule mchanganyiko wa shaba na nikeli ni karibu 8.7, shaba ya njano ni karibu 8.5, na chuma cha pua hakivuki sana 8. Tofauti hizo mizani ndogo ya vito inaziona.

Pima kito kikiwa kikavu, andika uzito. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga kito kwa uzi mwembamba, kitumbukize chote majini bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, ukikung'uta viputo vya hewa. Gramu zinazosomeka sasa ndizo ujazo wa kito. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tuseme bangili ina gramu 31.2 na mizani inasoma 3.01 majini: jibu ni 10.37, na hiyo inalingana na 925. Kama ingesoma 3.59, jibu lingekuwa 8.7, na hapo ni bora kuirudisha.

Jaribio hili lina mipaka, na ni lazima niiseme. Kito chenye mawe hakifai, wala bangili iliyo wazi ndani au iliyojazwa nta. Pete ya gramu nne inataka mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ile ya jikoni itakupoteza. Na mtu anayejua anachofanya anaweza kuchanganya risasi na shaba mpaka uzito ukaribiane na wa fedha, ndiyo maana hesabu hii husomwa pamoja na kingo zilizolika na mhuri.

Sumaku ina kazi ndogo tu. Fedha haivutwi, lakini hata shaba, risasi na alumini hazivutwi, kwa hiyo sumaku hukamata hasa chuma. Kifungio kikivutwa, usikate tamaa, kwa kuwa kijispringi cha ndani yake mara nyingi ni cha chuma. Jaribio la barafu kuyeyuka haraka juu ya fedha halitofautishi fedha na shaba, kwani shaba hupitisha joto karibu sawa nayo. Tindikali iachie maabara: huunguza ngozi na macho, na huacha doa kwenye kito ambacho bado si chako.

Kwa kito cha thamani kubwa, mwende wewe na muuzaji kwa mpimaji mwenye mashine ya eksirei. Lakini fahamu kwamba miale hiyo husoma tabaka la juu tu, makumi machache ya mikroni. Mwombe apime pale palipolika, si usoni palipo laini. Wapo waliopewa karatasi yenye 925 kwa sababu utando ulikuwa mnene na hakuna aliyegeuza kito.

Bei, malipo na mwili wako

Bei ianzie kwenye gramu. Mkufu wa gramu 40 wa 925 una gramu 37 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo upate thamani ya metali, ukikumbuka kutoa uzito wa mawe. Kinachozidi ni ufundi, umri na jina la aliyefua, na hayo yana haki ya kulipiwa. Bei iliyo chini ya thamani ya metali yenyewe inataka maelezo. Huenda kito ni bandia, huenda kimeibwa. Uliza kito kimetoka wapi, na jina au tarehe iliyochorwa ndani ya pete ilingane na simulizi unalopewa.

Ukinunua kwa picha, omba picha mpya za mhuri, za upande wa nyuma na za kito kikiwa juu ya mizani. Kubalianeni kwa maandishi juu ya siku za kurudisha. Malipo yapitie njia inayoshikilia pesa mpaka uthibitishe umepokea, na muuzaji anayesisitiza mtoke kwenye njia hiyo ili "kuokoa makato", mwache.

Afya nayo ni sehemu ya usalama. Nikeli huwasha ngozi za watu wengi, na ndiyo metali iliyo chini ya vito vingi vilivyochovywa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa nikeli inayoachiwa na vito vinavyogusa ngozi. Lehemu za zamani zinaweza kuwa na kadmiamu, metali ambayo mvuke wake ni sumu, kwa hiyo kito cha kale kisipigwe moto na mtu asiyejua. Mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe kito ambacho hujui kimetengenezwa kwa nini. Hereni na vipini vioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha mashina yafutwe kwa spiriti kabla ya kuvaliwa.

Kito kikifika, usikisugue wala kukichovya kwenye dawa mpaka siku za kurudisha ziishe, maana kukisafisha kunafuta ushahidi na kunampa muuzaji sababu ya kukukatalia. Kipige picha kikiwa kwenye kifungashio, kipime uzito, fanya jaribio la maji ikiwezekana. Ukikuta kimechovywa, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, ukiambatanisha picha ya kingo na hesabu ya uzito. Asipokubali kukipokea tena, na ukaamua kukiuza wewe, kiuze kwa jina lake: fedha ya kuchovya.