Mfini na Kiingereza cha Karne ya 15: Jibu kwa Swali la Kila Mwaka

Baada ya mhadhara wangu wa juzi kuhusu ukanushi katika Kiingereza cha Kati, yaani Kiingereza cha takriban mwaka 1100 hadi 1500, nimeulizwa tena swali ambalo huulizwa kila mwaka: kwa nini vitabu vingi ninavyoagiza visomwe vimeandikwa na Wafini, yaani watu wa Finland, na Mfini atawezaje kumfundisha Mwingereza lugha aliyonyonya kwa mama yake? Muulizaji hakuwa na nia mbaya, lakini swali limesimama juu ya kosa, na safari hii nimeamua kulijibu kwa maandishi.

Hakuna mtu aliye hai ambaye Kiingereza cha mwaka 1450 ni lugha yake ya kwanza. Mzawa wa Norwich anapofungua barua ya zama hizo huingia akiwa mgeni, sawasawa na mzawa wa Turku au wa Tanga, na pengine yeye yumo hatarini zaidi, kwa sababu sikio lake humwambia kwamba ameelewa wakati hajaelewa. Neno meat katika matini hizo huweza kuwa chakula cha aina yoyote; mzawa ndiye wa kwanza kuona nyama. Anayejifunza lugha kwa kamusi hulazimika kuuliza, na katika isimu historia, taaluma ya mabadiliko ya lugha, kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Chukueni maisha ya kitaaluma ya Matti Rissanen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2018. Tasnifu yake ya mwaka 1967 ilihusu matumizi ya neno one katika Kiingereza cha Kale (kile kilichotangulia Kiingereza cha Kati) na mwanzoni mwa Kiingereza cha Kati, yaani neno moja dogo lililofuatiliwa kwa jicho na kalamu katika matini za karne kadhaa. Hakuanzia jangwani: Tauno Mustanoja alikwisha kutoa sintaksia yake (kitabu cha muundo wa sentensi) ya Kiingereza cha Kati mwaka 1960, ambayo hadi leo naifungua kabla ya kitabu kingine chochote. Kuanzia mwaka 1984 Rissanen aliongoza kundi lililotayarisha Kongoo la Helsinki, yaani mkusanyo wa matini unaosomeka kwa kompyuta, lililotolewa mwaka 1991: maneno yapatayo milioni 1.5, kuanzia karne ya 8 hadi mwaka 1710, yakiwa yamepangwa kwa kipindi, lahaja na aina ya matini. Baadaye alikuwa miongoni mwa Wafini kadhaa walioshiriki kuhariri upya kumbukumbu za kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, za mwaka 1692, chini ya mhariri mkuu Mmarekani, Bernard Rosenthal. Waliotakiwa pale ni watu wanaojua kusoma mwandiko wa makarani wa karne ya 17, na watu hao walipatikana Finland.

Kuhusu uzawa nadhani hayo yanatosha. Linaloniudhi zaidi ni kosa la pili, ambalo hufuata mara tu la kwanza linapokubaliwa: kwamba Wafini waliweza kwa sababu walikuwa na kompyuta, na kwamba kompyuta ikishahesabu, mjadala umekwisha. Rissanen mwenyewe alilipinga wazo hili mwaka 1989, kabla kongoo lake halijatolewa. Alionya kwamba mtafiti ataacha kusoma matini nzima na kubaki na vipande vya sentensi kwenye kioo cha kompyuta. Kwamba ataliona kongoo kuwa ndiyo lugha yenyewe. Na kwamba kadiri anavyozidi kuigawa data kwa kipindi, lahaja, aina ya matini na jinsia ya mwandishi, ndivyo kila fungu linavyobaki na mifano michache isiyoweza kuthibitisha lolote. Gawanyeni wenyewe maneno milioni 1.5 kwa zaidi ya miaka 950: wastani hauzidi sana maneno 1,500 kwa mwaka, chini ya kurasa tano za kitabu. Kisha ongezeni tahajia. Anayetafuta through kwa umbo la leo hatapata thurgh, wala thorow, wala þurh, na jedwali lake litaonyesha neno likizaliwa karne kadhaa baada ya kuzaliwa kwake. Nimesahihisha tasnifu za namna hiyo, zenye michoro mizuri, na imenibidi nizirudishe.

Kizazi kilichofuata kililipeleka swali mbele. Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, pamoja na wenzao, walikusanya karibu barua 6,000 zilizoandikwa kuanzia takriban mwaka 1410 hadi 1681, ili waone ni nani katika jamii aliyeanza kutumia umbo jipya. Katika mabadiliko mengi waliyoyachunguza, wanawake ndio waliotangulia. Kwa mfano, katika kutumia you mahali pa ye kama kiima. Lakini katika kuachana na ukanushi maradufu, yaani kukanusha mara mbili katika sentensi moja, waliotangulia ni wanaume, hasa wenye elimu na kazi za kitaaluma, milango ambayo wanawake wa zama hizo walikuwa wamefungiwa.

Nafundisha matokeo hayo na nayaamini, ila kuna mahali mkono wangu husita. Barua za Margaret Paston wa Norfolk, zaidi ya 100, ni miongoni mwa ushahidi mkubwa tulionao wa lugha ya mwanamke wa karne ya 15, nazo ziko katika miandiko mingi tofauti, kwa kuwa alikuwa akiwatamkia makarani wakaandika. Huenda yeye mwenyewe hakujua kuandika. Kiambishi tamati kilichomo ni chake, au ni cha karani? Msamiati na mpangilio wa sentensi naweza kumpa yeye kwa kiasi fulani cha imani. Tahajia siwezi kabisa. Mofolojia, yaani maumbo ya maneno, iko katikati, na hapo ndipo mabadiliko tunayoyasaka yalipo. Waandaaji wa mkusanyo huo wa barua kule Helsinki waliweka alama kutenganisha barua za mkono wa mwenyewe na zile za karani, lakini wengi wanaotumia data hiyo huipita alama hiyo bila kuitazama. Mimi huhesabu mara mbili, mara moja nikiwa na barua za makarani na mara nyingine bila hizo, na majibu yakitofautiana huyaandika yote mawili, hata kama mchoro utakosa uzuri.