Yesu si nusu Mungu, nusu mtu

Katika jumuiya ndogo ndogo za Nyalenda na Manyatta, hapa Kisumu, swali hili huzuka kila isomwapo Marko sura ya 4: kama Yesu ni Mungu, alilalaje chomboni dhoruba ikiwa imechacha? Majibu hutolewa upesi, na mengi yake Kanisa liliyakataa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

"Ni nusu kwa nusu." Wapo wanaoeleza kwa chai ya maziwa: ukishachanganya, nani atatenganisha? Mfano mtamu, lakini ndio hasa uliokataliwa, maana chai ya maziwa si maziwa tena wala si chai ya rangi. Imekuwa kitu cha tatu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalsedonia, mwaka 451, ulikiri Kristo mmoja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Ni Mungu kamili na mtu kamili.

"Alilala ili awapime wanafunzi tu." Nadhani hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na wanaoisema ni wacha Mungu wanaoona wanamtukuza Bwana. Kwao njaa ya jangwani ilikuwa ya kuigiza, machozi kwenye kaburi la Lazaro vilevile, na sala ya Gethsemane ilikuwa somo la namna ya kuomba. Lakini Luka 2:52 husema Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, na anayeigiza haongezeki hekima. Mwili wake ulihitaji usingizi kama wa mvuvi yeyote wa Dunga.

Katika karne ya 4 Apolinari wa Laodikea alifundisha kwamba ndani ya Yesu, Neno wa Mungu, yaani Mungu Mwana, alishika nafasi ya akili ya kibinadamu. Gregori wa Nazienzi akamjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa: kama Kristo hakuwa na akili ya mtu, basi akili zetu zimeachwa nje ya wokovu. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukaongeza kwamba alikuwa pia na utashi wa kibinadamu, unaoutii ule wa kimungu. Kwa hiyo Gethsemane palikuwa na mtu aliyetetemeka kweli na kutii kweli. Na huyohuyo aliyelala chomboni ndiye aliyeamka akaukemea upepo.

"Basi wako wawili: Yesu mtu alikufa, Mwana wa Mungu akabaki pembeni." Hapana, nafsi ni moja. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulimkatalia Nestori, askofu wa Konstantinopoli aliyelipinga jina hilo la Maria, na kuthibitisha kwamba Maria ni Mama wa Mungu. Baadhi ya ndugu zetu Waprotestanti hushtuka wakisikia hivyo, ingawa shabaha ya kwanza ilikuwa kumlinda Kristo: hakuna anayedai umungu ulianzia kwa Maria, ila aliyezaliwa naye ni Mungu Mwana mwenyewe. Ndiyo maana husemwa pia kwamba Mwana wa Mungu alikufa msalabani, katika ubinadamu wake.

"Ni mafundisho ya Kaisari Konstantino." Mtawala huyo wa Roma alifariki mwaka 337, miaka 114 kabla ya Kalsedonia. Mtaguso wa Nisea alioitisha mwaka 325 ulishughulikia madai ya Ario kwamba Mwana aliumbwa. Nayo barua kwa Wafilipi, ya karne ya 1, tayari inamtaja aliyekuwa na namna ya Mungu akatwaa namna ya mtumwa.

"Wakopti wanakana ubinadamu wa Kristo." Wakristo hawa wa Kanisa la kale la Misri wana hospitali Maseno, kwa hiyo kwetu si watu wa mbali. Kweli Kalsedonia hawakuikubali: wao hufuata usemi wa Sirili wa Aleksandria, asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, na katika hiyo moja umungu na ubinadamu vyote ni kamili. Mnamo Mei 1973 Papa Paulo VI wa Roma na Papa Shenouda III, mkuu wa Wakopti, walitia sahihi tamko la pamoja, wakikiri kwamba Kristo ni Mungu mkamilifu katika umungu wake na mtu mkamilifu katika ubinadamu wake.