Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tiba, na namna ya kuisoma

Mtafiti wa tiba akijitambulisha, mara nyingi ataulizwa: "Umechapisha nini?" Jibu lake ndilo huitwa orodha ya machapisho, yaani makala zote za kisayansi zilizotoka kwa jina lake katika majarida ambayo, kabla ya kupokea makala, huipeleka kwa wataalamu wengine waikague. Gazeti au redio havihesabiwi humo, hata kama alieleza vizuri kuliko katika jarida lenyewe.

Kila makala ina safu ya majina, na mpangilio wake una maana. Katika sayansi ya tiba, wa kwanza huwa ndiye aliyeishika kazi kwa mikono yake, na wa mwisho ni mkuu wa maabara. Walio katikati ni wasaidizi wa viwango mbalimbali: huyu alichambua takwimu, yule alitoa sampuli. Kwa hiyo mtu mwenye makala 200 akiwa katikati zote, na mwenye 30 akiwa wa kwanza au wa mwisho, usiwapime kwa mizani moja.

Majina yenyewe ni mtihani, hasa kwetu. Hifadhi kubwa za taarifa za makala za tiba, kama PubMed, hutanguliza jina la ukoo, kisha herufi za mwanzo za majina mengine. Sasa Fatma Ali Juma atakuwa Juma F leo, Ali F kesho, na kina Juma F wengine wako tele. Ndiyo maana tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 anayopewa mtafiti mmoja tu.

Halafu kuna kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Tuseme una makala 5, zilizonukuliwa na watafiti wengine mara 50, 12, 6, 4 na 1. Zinazofikia angalau mara 4 ni 4, basi h yako ni 4. Ile iliyonukuliwa mara 50 ingenukuliwa hata mara 5,000, h ingebaki 4 ile ile. Binafsi naona kipimo hiki kinamfaa karani kuliko msomaji.

Msomaji afuate swali lililomhangaisha mtu miaka yote. Mchukue Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949 alikusanya damu za watu wa Kenya, akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walibeba kinasaba cha selimundu, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Mbona kinasaba kinachoua watoto wanaokirithi kwa wazazi wote wawili kimeshamiri hivyo? Alishuku malaria, maana ramani ya kinasaba hicho na ramani ya malaria zililingana.

Mwaka 1954 alichapisha jibu katika British Medical Journal, akiwa mwandishi peke yake. Humo mna jaribio ambalo leo lingezua maswali mazito ya maadili: wanaume 30 Waluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 waliobeba kinasaba kimoja cha selimundu, 2 tu walionekana na vimelea. Kati ya 15 wasiokuwa nacho, ni 14. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kinasaba kimoja humlinda mtu, viwili humwumiza. Majina ya wale 30 hayamo katika safu ya waandishi.

Ukishuka zaidi katika orodha ya machapisho yake, unakuta Allison amehamia kwenye kinga ya mwili. Anayehesabu tu atadhani alibadili fani. Lakini njia ya kufikiri ni ile ile: kasoro ya kurithi imfundishe jinsi mwili unavyofanya kazi. Watoto waliozaliwa bila kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminesi, kinachoshughulikia viambato vya DNA, hukosa kinga karibu kabisa. Wale wa ugonjwa wa Lesch-Nyhan, ambao miili yao imeshindwa kurejeleza mabaki ya viambato vya DNA, limfosaiti zao, zile seli nyeupe za kinga, hufanya kazi karibu kama kawaida. Kumbe limfosaiti hazitegemei mabaki. Hutegemea kujitengenezea viambato hivyo upya. Seli nyingine nyingi zina njia zote mbili.

Basi ukiziba njia ya kutengeneza upya, utazituliza limfosaiti bila kuziathiri sana seli nyingine. Yeye na Elsie Eugui, katika kampuni ya Syntex huko California, waliifuata hoja hiyo mpaka wakapata dawa iitwayo mikofenoleti mofetili. Mwaka 1995 Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae.