Je, wajua kwa nini mtoto mwenye ulimi ulioshikwa bado anaweza kusema "mama"?

Mtoto wa miaka miwili ambaye hajaanza kuongea hakosi tabibu kwenye benchi la kliniki. Huku Mwanza, awe Nyamagana, Ilemela au ng'ambo Sengerema, kabla muuguzi hajamwita, bibi mmoja atakuwa ameshatoa hukumu: "Mayu (mama), hebu mwangalie chini ya ulimi. Huyo kashikwa. Akikatwa ataongea."

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ulimi kushikwa na utando ni jambo halisi, linaonekana kwa macho na linatibika. Ila hiyo nusu ya pili, ya kwamba akikatwa ataongea, imewapeleka watoto kwenye mkasi wasiouhitaji huku tatizo lao likibaki palepale.

Jaribu wewe mwenyewe. Sema "mama", kisha "baba", "bibi", "babu". Kazi yote imefanywa na midomo, ulimi umelala tu. Sasa sema "kuku" au "gogo": hapo umeinua sehemu ya nyuma ya ulimi, karibu na koo. Utando unaozungumziwa unashika upande wa mbele, na sauti unazoweza kuzisumbua ni zile zinazotaka ncha ipande nyuma ya meno ya juu au itoke katikati ya meno: t, d, n, s, z, l, r, th na dh. Hata hizo, wengi hujifunza kuzitoa kwa kutumia sehemu pana ya ulimi badala ya ncha, na msikilizaji asigundue kitu. Kwa hiyo mtoto mwenye ulimi ulioshikwa ana kila anachohitaji ili aanze kuongea. Anaweza kutamka "lala" vibaya, lakini atasema kitu.

Mtoto ambaye hasemi kabisa ana habari nyingine, na mahali pa kwanza pa kutazama ni masikioni. Asiyesikia hana cha kuiga. Homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya siku za mwanzo, au masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, yote yanaweza kupunguza usikivu bila mtu nyumbani kugundua, kwa sababu mtoto anaitikia mlango ukibamizwa na watu wanadhani anasikia vizuri. Usonji nao huchelewesha lugha. Miezi inayopotea mkisubiri ulimi "uliofunguliwa" ufanye kazi ni miezi ambayo mtoto angekuwa ameshapimwa usikivu. Mwanza ina hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure na ile ya kanda, Bugando, ndipo pa kuulizia daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa huo utando wenyewe ni nini? Kila mtu anao. Inua ulimi mbele ya kioo utauona ukisimama katikati, kutoka sakafu ya kinywa. Zamani vitabu vya tiba viliuchora kama kamba, lakini uchunguzi uliochapishwa na watafiti wa New Zealand mwaka 2019 ulionyesha si kamba. Chukua kanga iliyotandikwa kitandani, ishike katikati uivute juu: ule mkunjo unaosimama haukuwepo kabla hujaivuta. Ndivyo tabaka laini la sakafu ya kinywa linavyofanya ulimi unapoinuka. Kwa mtu mmoja mkunjo ni mwembamba na umejishikiza nyuma, ulimi unacheza utakavyo. Kwa mwingine ni mfupi, mnene au umefika hadi nchani, na hapo ulimi unavutwa chini.

Yanaanzia tumboni. Ulimi huanza kujengeka kwenye wiki ya nne ya mimba ukiwa umeungana na sakafu ya kinywa. Baadaye seli za katikati hufa kwa mpangilio ili kuuachia, na pale kazi hiyo isipokamilika, mtoto huzaliwa ameshikwa. Wavulana wanapatwa zaidi kuliko wasichana, na hali hii hupita katika familia. Iko hata jeni inayofahamika, TBX22, ambayo ikiwa na hitilafu inaweza kuleta ulimi ulioshikwa pamoja na kaakaa lililopasuka. Mama hajakosea chochote wakati wa ujauzito. Kulingana na kipimo kinachotumika, tafiti nyingi hupata kama watoto 4 hadi 10 katika kila wachanga 100.

Hapa ndipo macho yanapodanganya. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, kilieleza kwamba chini ya nusu ya wachanga wenye dalili za kuonekana za ulimi ulioshikwa ndio hupata shida ya kunyonya. Wengine wananyonya, wananenepa, maisha yanaendelea. Kwa hiyo usiulize ulimi unaonekanaje, uliza unaweza kufanya nini.

Kwa mchanga, kazi kubwa ya ulimi ni kunyonya. Picha za ultrasaundi zimeonyesha kwamba maziwa hutoka kwa wingi pale ulimi unaposhuka na kutengeneza mvuto ndani ya kinywa. Ulimi usioweza kufunika ufizi wa chini, kulikumbatia titi na kushuka vizuri unapoteza ule mvuto. Utamsikia mtoto akitoa mlio wa "kla, kla" anaponyonya, titi linamponyoka, anashika tena, linamponyoka. Ananyonya saa nzima, analala kwa uchovu, anaamka na njaa baada ya dakika chache. Akilia, ncha ya ulimi inaonekana imebonyea katikati kama umbo la kopa. Kwa mama, chuchu inatoka kinywani imekuwa bapa au imechongoka upande, inapasuka, inatoa damu. Titi lisilokamuliwa likaisha huvimba, na baada ya muda maziwa yenyewe hupungua. Ndipo maziwa ya kopo, ya ng'ombe au uji mwepesi vinapoingia kabla ya miezi sita, na watu wanasema "maziwa ya mama hayamtoshi."

Kadi ya kliniki inasema ukweli zaidi kuliko majirani. Ni kawaida mchanga kupungua uzito kidogo siku za mwanzo, lakini akifika wiki mbili anatakiwa awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku.

Hata dalili zikiwepo, kitu cha kwanza si mkasi. Muuguzi au mkunga mzoefu aketi na mama atazame anavyomweka mtoto: tumbo la mtoto liguse la mama, kinywa kipanuke, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie, si chuchu peke yake. Shida nyingi zinazosingiziwa ulimi huisha hapo, bure, bila damu. Zikibaki, kukata kunafikiriwa.

Kwa mchanga ni jambo dogo kweli. Mtoto anaviringishwa kwenye nguo, mtu mmoja anashika kichwa, daktari anainua ulimi na kukata sehemu nyembamba ya utando kwa mkasi wenye ncha butu uliotakaswa. Ni sekunde chache, matone machache ya damu, kisha anapewa titi papo hapo, ambalo linamtuliza na kusaidia kuzuia damu. Siku zinazofuata pale chini panakuwa na doa jeupe au la manjano. Wengi huogopa wakidhani ni usaha, kumbe ni kidonda kinachopona, na hutoweka kwa wiki moja au mbili. Muulize daktari mapema kama mtoto alipewa sindano ya vitamini K alipozaliwa, kwa sababu mchanga asiyeipata anaweza kuvuja damu kupita kiasi. Na kama kuna wenye tatizo la damu kutoganda katika ukoo, sema kabla mkasi haujashikwa.

Faida yake? Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 yaliyokusanya majaribio 5 yenye watoto 302 yalikuta kwamba maumivu ya chuchu za mama yanapungua kwa muda mfupi baada ya kukata. Upande wa mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakuwa ya uhakika. Kwangu mimi hiyo si hoja ndogo: mama asiyelia kila anaponyonyesha ataendelea kunyonyesha. Lakini pia si muujiza. Anayekuuzia kukatwa kwa mashine ya leza kwa bei kubwa, ujue leza haijathibitika kuwa bora kuliko mkasi.

Neno moja kali kuhusu wakata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa, kwenye koo, wala hakihusiani na utando wa chini ya ulimi. Kukikata hakutibu kikohozi, hakuleti maneno, na watoto wamekufa kwa damu na maambukizi. Anayekata kimeo uani kwa kisu cha jana atakubali pia kukata ulimi, na chini ya ulimi kuna mishipa ya damu kila upande na matundu ya mirija ya mate. Kisu kilichopita kwa mtoto mwingine kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Hapo sina upole wa kuongeza.

Tukija kwa wakubwa, huku kwetu ziwani kuna mtego wa peke yake. Msukuma aliyekulia kwenye Kisukuma, lugha isiyo na r, anaweza kusema "balabala". Mkurya wa Tarime anaweza kusema ameshakura wakati sahani iko tupu. Ndimi zao zote mbili ziko huru, ni masikio yaliyozoea sauti za nyumbani. Hakuna utando wa kukata hapo, na lafudhi si ugonjwa. Hata mtoto mdogo asiye na tatizo lolote huchelewa kuishika r kuliko sauti nyingine.

Mkubwa aliyeshikwa kweli hujulikana kwa mambo mengine. Kulamba lambalamba ni kazi. Kigelegele, ambacho kinataka ulimi uende mbio huku na huku, hakitoki. Kwenye sahani ya sato, sisi wengine tunaupekua mwiba kwa ncha ya ulimi na kuusukuma hadi mdomoni, yeye anaingiza kidole. Mabaki ya ugali yanabaki kwenye mashavu na nyuma ya meno. Mara nyingine utando unavuta ufizi nyuma ya meno ya mbele ya chini, ufizi unashuka au mwanya unajitokeza, na uzeeni meno ya bandia hayakai.

Kujipima ni rahisi. Panua mdomo kadiri uwezavyo, kisha ukiwa umepanua gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Ukilazimika kufunga zaidi ya nusu ili ufike, onyesha daktari wa kinywa na meno. Yeye anaweza kupima urefu wa ulimi ulio huru, kuanzia utando unapojishikiza hadi nchani: kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, zaidi ya milimita 16 ni kawaida, chini ya 3 ni kushikwa kabisa. Kama hakuna kinachokusumbua, hata ukiwa na milimita 10, huna sababu ya kukatwa.

Kwa mtu mzima ganzi inatosha, mtoto mkubwa mara nyingi hulazwa kwa dawa ya usingizi kwa kuwa hatatulia. Utando mnene haukatwi tu ukaachwa. Daktari hukata kwa umbo la herufi Z na kuzipishanisha ncha ili eneo lirefuke, kisha hushona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Asipofanya hivyo kovu linaweza kujikaza na kuurudisha ulimi ulipokuwa. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa hupewa mazoezi kwa wiki kadhaa: kuutoa ulimi nje, kuuinua, kuupeleka kila shavu, hata kama kidonda kinauma kidogo.

Matamshi hayabadiliki siku nyuzi zinapoyeyuka. Mtu aliyesema r yake kwa namna moja kwa miaka 20 ataendelea hivyo mpaka afundishwe njia mpya, na wataalamu wa tiba ya matamshi bado ni wachache nchini, hivyo muulize daktari juu ya hilo kabla ya upasuaji, si baada.